Usukani Uko Kushoto

Nilipolinunua gari langu, watu walinipa pole. Siku ya kwanza kulitoa barabarani, kutoka karakana yangu ya Igoma hadi kituo cha mafuta, nilipewa pole na muuza maandazi, na fundi baiskeli, na mama mmoja aliyekuwa amebeba dumu la maji kichwani, ambaye alilitua kabisa chini ili anisikitikie vizuri. Akaniuliza lilibingirika wapi, na kama kuna mtu aliyekufa. Nikamwambia halikubingirika, lilitengenezwa hivyo hivyo. Akanitazama kwa huruma zaidi, maana sasa aliona kwamba ajali ilinigusa na kichwa.

Lilikuwa gari la Kitaliano, la spoti, la viti viwili, na halikuwa na paa la bati. Ukitaka kivuli unavuta turubai kutoka nyuma ya viti na kulifunga kwenye kioo cha mbele. Ukitaka upepo unalikunja. Rangi yake buluu iliyopauka, kama sare ya shule iliyofuliwa miaka mitatu. Mwanza wakati huo ilikuwa imejaa magari yaliyotumika kutoka Japani, kila wiki sura mpya, kila mtu na lake. Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria imeshakolea, na kitu kilichokuwa hakipatikani hata kwa kujuana sasa kilikuwa kinaning'inia dukani na bei yake. Lakini gari lisilo na paa hakuna aliyekuwa amefikiria kuliingiza.

Mimi ni fundi wa kushona. Nilifundishwa cherehani na masista, nikaanza na magauni, nikahamia maturubai ya malori ya pamba, na sikujuta, kwa sababu turubai halirudi Jumatatu kulalamika kwamba linabana kiunoni. Vilipoingia vile vibasi vidogo tulivyoviita vipanya, kila mwenye navyo alitaka viti vishonwe upya, sponji nene, ngozi bandia, jina la kijiwe chake mgongoni mwa kiti. Nilishona usiniambie. Nikapanga banda Igoma, nikaongeza cherehani ya pili, nikaajiri wanawake wawili. Wateja walikuwa wakiingia wanauliza, fundi yuko wapi? Nilikuwa nawaacha watafute kwanza.

Baba yangu naye alikuwa mmoja wa watafutaji hao, kwa namna yake. Alikuwa dereva maisha yake yote, dereva wa bosi aliyekuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, na alikuwa amewafundisha gari nusu ya vijana wa Mwanza. Mimi hakunifundisha. Nilipomwomba alisema, wewe shona. Nilipokwenda kushona, watu walipomuuliza binti yake anafanya nini, alijibu, anashonashona tu. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu, msibani, nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Mtu anayeshona ana kazi. Anayeshonashona anapitisha siku. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nane, nina wafanyakazi, na neno hilo liliniuma kana kwamba bado ni mtoto. Nilitaka jambo moja tu kutoka kwa baba yangu: aseme mbele ya watu kwamba nimeweza.

Gari lenyewe nililikuta kwa sababu ya makochi. Mjane wa yule bosi wa pamba alikuwa anahama nyumba yao ya Kapripointi kwenda kuishi na mwanawe Dar es Salaam, akaniita nimshonee vifuniko ili makochi yasichubuke njiani. Nilipomaliza kupima nikamuuliza kama lile gari dogo bado lipo. Alishangaa nalijuaje. Nalijua, mama, nikamwambia, baba yangu ndiye aliyekuwa akiliosha.

Kila Jumamosi aliliosha. Gari kubwa la kazini aliliendesha yeye, lakini hili dogo bosi aliliendesha mwenyewe, Jumapili, na mkewe pembeni amefunga kitambaa kichwani. Baba aliliosha tu. Nilikuwa nikimpelekea chakula, na nikilikaribia ananiambia nisiguse, vidole vyangu vina mafuta. Kisha ikaja miaka ile ambayo mtu mwenye gari la starehe alionekana kama amewaibia wenzake, petroli ikawa ya foleni, na bosi akalifunika gereji. Alikufa likiwa limefunikwa. Baba aliendelea kwenda kulifuta vumbi hadi alipostaafu.

Mjane alinifungulia. Tairi zilikuwa zimelala, paa limechanika vipande na panya walikuwa wamefanya makazi kwenye kiti cha kushoto, lakini mwili ulikuwa mzima kabisa, hauna kutu, maana mtu aliyekuwa akiufuta alikuwa anajua kufuta. Mjane akaniambia wamekwisha kuja wanunuzi wawili. Mmoja alitaka injini tu, aifunge kwenye boti ya kubebea sangara. Wa pili alikuwa na baa na alitaka kuliweka mbele ya mlango wateja wapigie picha. Wote walisema paa limekufa na hakuna Tanzania nzima atakayelitengeneza.

"Na wewe unalitakia nini?" akaniuliza.

"Nataka kuliendesha, mama."

Akauliza kama mume wangu amekubali. Nikamwambia sina mume, na sijui ni nani mwingine wa kukubali. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimeingia mle. Bei aliyonitajia ilikuwa sawa na kiwanja kidogo pale Igoma, na kiwanja hicho ndicho nilichokuwa nakiwekea akiba. Sikuomba apunguze. Najua hilo si jambo la kujisifia kwa mtu anayeishi kwa biashara, lakini nilikuwa naona aibu kubishania bei mbele ya gari lile, kana kwamba lingesikia. Tuliandikishana wiki iliyofuata, nikalivuta hadi Igoma nyuma ya lori la mteja wangu, mimi mwenyewe nimeshika usukani, mkia wa turubai lililochanika ukipepea.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kumwambia baba. Alikuwa amekaa nje anasikiliza redio. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia lile gari la buluu nimelinunua. Akazima redio.

"Lile ni gari la watu," akasema.

"Ni langu sasa, baba."

"La watu lile. Wewe ungenunua kiwanja."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Alisema tu kwamba gari lile ni la mtu mwenye mahali pa kwenda kustarehe, na kwamba yeye hatakaa ndani yake, asije akaonekana na wenzake amekalia kiti alichokuwa akikifuta. Kisha akawasha redio. Nilirudi nyumbani nimefura, nikamwambia kila aliyetaka kusikia kwamba baba yangu ni mkaidi, na kila aliyesikia alisema nimefanana naye.

Makanika niliyempa injini alikuwa fundi mzuri, jirani yangu pale pale Igoma. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akapata pampu ya maji kutoka kwenye gari jingine kabisa na kuichonga hadi ikakubali. Wiki tatu, injini ikanguruma. Lakini kuhusu paa hatukuelewana. Yeye alitaka kulichomelea bati. Alikuwa ameshapiga hesabu ya karatasi za bati, na juu yake aweke keria ya kubebea mizigo, ili nipate gari la maana. Alinichorea chini kwa kijiti. Nilimshukuru, nikamwambia paa ni langu, aniachie.

Hapo ndipo nilipoaibika. Nilichukua turubai la lori, zuri, jipya, nikapima fremu ikiwa imesimama, nikakata kama ninavyokata siku zote, la kukaza. Turubai la lori linashonwa livutwe. Likilegea linapiga kelele barabara nzima na mvua inaingia kwenye pamba. Nikashona siku nne. Nikalivisha. Lilikaa kama ngoma, ukilipiga kidole linalia, na wale wanawake wawili wa karakana wakapiga vigelegele. Kisha nikajaribu kulikunja. Fremu ilifika nusu ikagoma. Nikaisukuma, mishono yote ya pembeni ikaachia mmoja baada ya mwingine, na pale mbele ya makanika na mabati yake nikawa nimebaki na paa lisilofunguka wala kufungika.

Sikuigusa cherehani siku mbili. Nilipotulia nikafanya nilichopaswa kufanya kwanza: nikachukua yale matambara ya paa la zamani, nikayafumua uzi mmoja mmoja, nikayatandaza sakafuni na kuyaunganisha kama mtu anayepanga sahani iliyovunjika. Ndipo nikaona. Pale fremu inapojikunja, yule fundi wa Italia, ambaye sitamjua kamwe, alikuwa ameficha marinda madogo kwa ndani, matatu kila upande, yamelala. Yalikuwa marinda ya kwapani. Ni vile vile unavyomshonea mwanamke gauni la kulimia au la kutwangia, ili anyanyue mkono bila kuchana. Paa lile halikuwa ndugu wa turubai la lori hata kidogo. Lilikuwa gauni. Nilikaa pale sakafuni nikacheka peke yangu, kwa sababu masista walinichapa vidole mwaka mzima kwa ajili ya makwapa, na nilidhani nimeyakimbia.

La pili nilishona kwa turubai jepesi, uzi wa nailoni, marinda matatu kila upande. Baba alikuja siku niliyokuwa nalivisha. Alisema anapita tu, ingawa Igoma hakuna mahali pa kupita kutoka kwake. Akakaa kwenye benchi la wateja, mikono juu ya fimbo, akatazama ninavyofunga ncha ya mwisho, ninavyolikunja, ninavyolirudisha. Lilikwenda na kurudi bila kukohoa. Nilingoja. Akasimama, akaniambia mlango wa kulia unainuliwa kidogo kabla ya kufungwa, la sivyo utachubua rangi, akaaga. Nilitamani kumrushia mkasi.

Basi nikaanza kuliendesha. Gari nilikuwa nimejifunza zamani kwa mteja wangu mmoja, dereva wa kipanya, kwenye uwanja wa wazi kule Butimba, asubuhi za Jumapili, kwa malipo ya viti viwili. Shida ilikuwa usukani. Wenzetu wa Italia wanapita upande mwingine wa barabara, kwa hiyo usukani wa gari langu ulikuwa kushoto, mahali ambapo kwetu anakaa abiria. Mimi nilizoea siku tatu. Watu hawakuzoea. Askari wa barabarani aliwahi kunisimamisha, akatembea kwa heshima hadi upande wa kulia, akainama kumsalimia dereva, akakuta kiti kitupu. Pale Mwaloni mama muuza samaki alizungumza nami kwa muda mrefu huku akingoja dereva arudi. Na waliogundua kwamba usukani ninao mimi waliuliza swali linalofuata, gari la nani? Wengine walimuulizia bosi wangu hali. Nilikuwa najibu kwamba bosi hajambo, anawasalimu.

Nilikuwa na fahari, sitasema uongo. Nikishuka mteremko kuelekea mjini, ziwa limefunguka mbele, mawe yamesimama juu ya mawe, upepo unaingia hadi kwenye mikono ya gauni, nilikuwa naona kwamba hakuna mwanamke mwingine Kanda ya Ziwa nzima aliyekaa mahali nilipokaa, na kwamba mshono ulio nyuma ya kichwa changu ni wangu. Lakini kiti cha kulia kilikuwa kitupu, na kila nikikitazama hasira zinarudi.

Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kumngoja baba nje ya kanisa. Nilikuwa nimesikia kwamba rafiki yake, dereva mwenzake wa zamani, ametoka hospitali na yuko kwake Kirumba, karibu na uwanja wa mpira, na kwamba wazee wenzao wote wangekwenda kumwona. Baba alikuwa na goti baya. Sikumwomba apande. Nilisema tu kwamba naelekea Kirumba.

Alilizunguka gari mara moja kama madereva wa kizazi chake wanavyolizunguka, akipiga kila tairi kwa kisigino. Akauliza kama nimepima oili. Nikasema nimepima. Akafungua boneti akapima mwenyewe, akafuta kijiti kwa leso yake ya kanisani. Kisha akaenda upande wa kulia, akafungua mlango, akakaa ukingoni miguu ikiwa nje, akapangusa kiatu cha kwanza, akapangusa cha pili, ndipo akaingia. Mlango akauinua kidogo, akaufunga. Waumini walikuwa wamesimama wanatazama. Kabla ya kufika mjini, mara mbili mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo.

Kirumba palikuwa na watu wengi, makanisa yametoka na uwanjani kulikuwa na mechi, nikawa nakwenda taratibu sana. Na hapo ikaanza. Kijana mmoja akamwona mzee wa suti amekaa upande wa kulia wa gari lililokunjwa paa, akasema shikamoo mzee, hongera kwa gari. Baba akaitikia marahaba. Mbele kidogo akina mama wawili, hongera mzee wetu. Marahaba, asanteni. Muuza karanga akamwambia anaendesha vizuri. Baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayelipwa deni lake la haki.

Nilikasirika hadi machozi yakanisogelea. Mimi ndiye niliyekanyaga klachi. Mimi ndiye niliyefumua matambara yale. Miezi yote nilipewa pole na kuulizwa bosi, na hongera za kwanza zilizotoka zilikuwa zinapita mbele ya pua yangu zinakwenda kwa mtu aliyesema ningenunua kiwanja. Nilifikiria kusimama nimwambie ashuke amalizie kwa miguu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta pembeni pa kusimama.

Ndipo tukawaona wazee. Walikuwa sita, wamekaa kwenye mabenchi nje ya nyumba ya yule mgonjwa, madereva wote, watu walioendesha malori na mabasi na mabosi, watu ambao maoni yao juu ya baba yangu ndiyo yaliyokuwa maoni ya dunia. Walilitambua gari kwanza. Kisha wakamtambua aliyekaa kulia. Wakainuka mmoja mmoja, hata mgonjwa mwenyewe akashika mlango akainuka, na mmoja wao akaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba kumbe amelichukua, kumbe hatimaye wa kwa bosi wamempa, kumbe jamaa bado anaendesha.

Nilimtazama baba. Alikuwa anawatazama wao, na uso wake ulikuwa umefunguka kama sijawahi kuuona. Miaka yote aliyolifuta gari lile, nadhani aliwahi kuwaza wenzake wakisema maneno hayo hayo. Asingehitaji kudanganya. Angenyamaza tu, angeitikia marahaba mara moja zaidi. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika hiyo nilikuwa tayari kumwachia.

Akainua mikono. Yote miwili, mikavu, mirefu, akainyoosha juu kabisa kupita kioo cha mbele, vidole vimeachana, mahali ambapo gari jingine lolote lingekuwa na bati. Gari likiwa linatembea.

"Mikono yangu hii hapa," akawaambia. "Sijashika kitu. Anaendesha binti yangu. Gari ni lake, na paa kalishona mwenyewe, mnaliona?"

Wale wazee wakainama kunitafuta upande wa kushoto, wakanikuta. Yule aliyeita akavua kofia. Nilikuwa nimeshafika pa kusimama, na nafasi ilikuwepo, lakini sikusimama. Nilibadilisha gia, nikauzunguka uwanja mzima wa Kirumba, na baba hakushusha mikono.